Samaki anapotema chakula

Julai imefika, na ukungu wa Milima ya Iveti hauondoki hadi saa nne asubuhi. Maji ya vidimbwi nayo yamepoa, na yakishuka chini ya nyuzi 20 tilapia hupoteza hamu ya kula. Kwa hiyo mkulima wa Kathiani anayeona chakula kikielea bila kuguswa asikimbilie kumlaumu aliyemuuzia. Apunguze kipimo na alishe kati ya saa tano na saa tisa, jua likiwa limepasha maji. Mwenzake wa Masinga, kule chini kwenye joto, huenda asihitaji kubadilisha chochote.

Kuna kukataa kwingine, na huku ndiko nataka mkutazame vizuri. Samaki anakuja mbio, anadaka tembe, anaigeuza kinywani, kisha anaitema. Huyo njaa anayo. Ameonja, na hakupenda.

Samaki ana vionjio midomoni, ndani ya kinywa na hata kwenye matamvua. Kambare amewazidi wengi: ndevu zake nane zimejaa vionjio, ndiyo maana hupata chakula usiku kwenye maji ya tope asimoona kitu. Kinachowavutia hasa ni asidi amino, chembe zinazojenga protini. Omena na uduvi wanazo tele, na zikiyeyuka majini samaki huzifuata. Sukari ni habari nyingine. Kionjio ambacho kwetu sisi hutambua utamu, kwa samaki waliochunguzwa maabara hutambua asidi amino. Molasi itakushikanishia unga wa pumba, sawa, lakini usiinunue ukidhani itawaita samaki mezani. Tilapia wapendao majani hufurahia hata uchachu kidogo: aina ya zillii ilipopimwa, asidi ya limau ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoichochea kula.

Wakitema, basi, anza na omena. Nusa gunia. Mafuta yake yakichacha, harufu itakuambia kabla ya samaki. Angalia pia ulichochanganya nyumbani. Majani mabichi ya muhogo hutoa sianidi. Yakatekate na uyaanike hadi yakauke. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu inayodumaza samaki ikizidi, kwa hiyo yasiwe ndiyo tegemeo la protini. Soya ichomwe kwanza, maana mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini.

Hadi hapo kinywa cha samaki ni mshauri mzuri. Kwenye aflatoksini, sumu ya kuvu, hakifai kitu, kwa sababu sumu hiyo haina ladha. Ukambani hatuhitaji kufundishwa ubaya wake: mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, wengine hapa hapa Machakos, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tangu hapo mama hapiki mahindi yenye kuvu. Lakini husemwa, si tuwape samaki?

La, msiwape. Karibu mwaka 1960 vituo vya kufugia trauti nchini Marekani vilikumbwa na saratani ya ini kwa samaki wengi, na chanzo kikaja kubainika kuwa mashudu ya pamba yaliyokuwa na aflatoksini. Tilapia ni mgumu kuliko trauti, na ugumu huo ndio unaomdanganya mfugaji. Huoni samaki aliyekufa akielea. Anakula kama kawaida, ini likiharibika na uzito ukigoma kupanda, na lawama zinamwendea aliyeuza vifaranga. Kuosha hakuondoi sumu hiyo, na moto wa jikoni hauimalizi.

Kwa hiyo kagua nafaka kabla haijafika kwenye kinu. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha uiache robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: rudisha mahindi juani juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu, kisha upime tena. Chakula kilichokwisha kuchanganywa kipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na usitengeneze zaidi ya kinachotosha mwezi mmoja.