Bustani ya Nyumbani Wakati wa Baridi

Ndugu mkulima, kipupwe ki karibu. Ikiwa shamba lako liko Kinangop au upande wa Ol Kalou, wajua vizuri jinsi baridi inavyoweza kuharibu. Jioni unaacha viazi vyako vikiwa kijani kibichi. Alfajiri unaona umande umeganda mweupe juu ya majani, yaani sakitu, na jua likipanda majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Usiku mmoja umetosha. Viazi vya kuuza vimekwenda, na mama hana cha kutia chunguni.

Mashamba ya Mpango wa Eka Milioni yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, wengi waliopewa huku juu walitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Walikuja na desturi ya kupanda maharagwe na maboga karibu na nyumba, na desturi hiyo ingali kwetu. Lakini mimea hiyo haistahimili sakitu, wala nyanya pia. Yafaa kila nyumba iwe na bustani ya mboga zinazovumilia baridi, hata ikiwa ni hatua 10 kwa 10 tu: kabichi, sukuma wiki, spinachi, karoti, vitunguu.

Kwanza angalia mahali. Hewa ya baridi ni nzito, na usiku huteremka kama maji na kutuama bondeni. Wengi wetu hulima bustani karibu na mto ili tusichoke kuchota maji, na hapo ndipo sakitu huuma zaidi. Afadhali uchoke kwa debe. Lima juu kidogo kwenye mteremko, na ikiwa upande wa chini kuna ua mnene, fungua pengo ili baridi ipate njia ya kutoka.

Mbegu za kabichi zitie kitaluni mwezi huu wa Mei, katika mistari iliyoachana inchi 6. Usizibananishe. Mwagilia asubuhi, si jioni, maana majani yakilala na maji penye baridi hushikwa na ukungu. Miche ikiwa na majani 4 au 5, ihamishe na kuipanda futi 2 kwa futi 2, kila shimo na konzi mbili za samadi iliyooza. Usiku usio na mawingu wala upepo ndio wa kuogopa. Jioni yake lalisha magunia juu ya fito, yasiguse miche, kisha yaondoe asubuhi.

Wako wanaotandaza nyasi wakidhani zitapasha mimea joto. Sivyo. Nyasi huzuia joto la udongo lisipande kwenye majani. Miezi hii acha udongo wazi, wenye unyevu; nyasi zirudishe wakati wa ukavu.

Karoti hazihamishwi. Panda mbegu pale pale zitakapokomaa, na usitie samadi mbichi, ama zitaota miguu miguu nawe hutapata mnunuzi. Zikiota, zipunguze ziachane inchi 2.

Minji ndiyo hudanganya watu. Majani yake huvumilia sakitu kidogo, basi mkulima hufurahi. Lakini maua na maganda machanga huungua. Ukipanda sasa, maua yatakutana na Julai. Ngoja mwisho wa Julai, ili yatoke Septemba.

Na maua je? Nyumba bila maua ni kama haina mwenyewe. Kando ya njia panda kalendula au pansi, ambazo baridi haizitishi. Pareto nayo yahitaji usiku wa baridi ndipo itoe maua mengi, ndiyo sababu hukuzwa huku juu. Dalia itaungua, lakini usiing'oe. Kata mashina yaliyokufa, funika shina kwa udongo, na viazi vyake vilivyo chini vitachipua tena baridi ikipita.