Ukulele ya Kustahimili Jua la Isiolo

Mdogo wangu wa Bulla Pesa, barua yako nimeisoma mara mbili. Umejibana miezi yote hiyo, pesa imetimia, sasa wauliza ukulele ipi bora kwa anayeanza. Muuzaji wa Nairobi amekuambia uchukue ya ubao mzima, eti ndiyo ya wanamuziki wa kweli. Hajakudanganya. Ila hajawahi kuishi Isiolo.

Ubao mzima hewa ikikauka husinyaa, ukisinyaa hupasuka. Ala kama hiyo hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, na kiangazi cha kwetu hakina habari hiyo. Midomo yenyewe inapasuka kabla ya saa nne asubuhi. Wewe tafuta ya plaiwudi nzuri, tabaka nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana. Utamu wa sauti hupungua kidogo, lakini sikio la mwanafunzi halitalala njaa kwa hilo.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Ukulele yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, imechorwa ua, na kusema kweli nilinunua ua. Mchana mmoja niliisahau kwenye kiti cha nyuma cha gari, madirisha yamefungwa. Niliporudi, daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa ala, lilikuwa limebanduka, linaning'inia kama jino la mtoto. Yako ilaze chini ya kitanda ndani ya mkoba wake. Usiitundike kwenye ukuta wa mabati.

Sasa shingo, maana ubora unaoutafuta uko hapo hasa. Azima kadi nne za benki, za baba, za jirani, zipange pamoja uzipitishe chini ya nyuzi kwenye freti ya 12, yaani kile kijichuma cha 12 kilicholala shingoni. Zikipita na nafasi ikabaki, nyuzi ziko juu mno. Vidole vitauma mpaka uichukie. Kisha piga uzi ukiwa wazi, ubonyeze freti hiyo hiyo ya 12, upige tena. Isikike noti ile ile, oktavi moja juu. Ikipinda, rudisha.

Ukiagiza kutoka mbali, usitume M-Pesa kwa picha tu. Muuzaji akupigie simu ya video, apige kila uzi freti kwa freti ukisikia. Akisema ana shughuli, mwache na shughuli zake.

Ukubwa usikusumbue. Soprano ni kama sentimita 53, konsati kama 58, na zote hutyuniwa G, C, E, A. Vidole vikikanyagana kwenye soprano, chukua konsati.

Na fundi asikutilie nyuzi za chuma za gita! Waborana walifunga waya kwenye sufuria wakapata gita lao, chamonge, na sufuria ikahimili. Ubao mwembamba hautahimili.

Nyuzi mpya za nailoni hujivuta siku za mwanzo, kwa hiyo utatyuni asubuhi, utatyuni tena jioni. Wala usishtuke uzi wa G, ule ulio karibu na kidevu chako, ukilia juu kuliko ule wa C unaoufuata. Ndivyo ulivyo.

Ikifika, weka kidole cha pete kwenye uzi wa A, freti ya 3, usiguse kingine, ushushe kidole gumba juu ya nyuzi zote nne. Hiyo ni kodi ya C, na hii hailipwi KRA. Ya F ikikushinda, niandikie.