Mwenzi Wako Anaponyamaza Wakati wa Shida

Mumeo akifutwa kazi kisha akanyamaza siku tatu, usiseme upesi kwamba hakupendi. Pengine alilelewa katika nyumba ya ulevi na vipigo, akajifunza mapema kwamba anayelia huongezewa kiboko. Kimya kilimwokoa utotoni. Leo kinamtenga nawe.

Je, aliyeumizwa utotoni ameharibika kabisa? La. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wataalamu Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia katika mashaka mengi, kama theluthi moja walikua watu imara wenye upendo. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mmoja wa kumtegemea: nyanya, shangazi au mwalimu. Hata waliopotoka ujanani, wengi walijirekebisha baadaye. Ndoa na mwenzi mtulivu na jumuiya ya imani ziliwasaidia.

Basi wewe waweza kuwa mtu huyo. Usimhoji mbele ya watoto. Mpe chai, keti karibu naye, umwambie: "Baba Achieng, mzigo huu ni wetu sote wawili." Akianza kusema, usimkatize. Lakini akikupiga, usivumilie. Tafuta usalama na msaada.

Jioni hii mwulizane: ulipokuwa mtoto, ulimkimbilia nani?