Lebo ya Kiuatilifu Ikiamuru kwa Kiingereza

Wakulima wengi wamelalamika kwamba dawa za shamba zinauzwa zikiwa na maelezo ya Kiingereza. Malalamiko hayo tumeyafanyia kazi, na kijitabu hiki ni sehemu ya kazi hiyo. Maelezo ya usalama kwenye lebo huandikwa kwa sentensi za amri. Sentensi hizo hazitaji mtendaji: kitenzi ndicho hutangulia, na anayeamriwa ni wewe uliyeshika chupa. “Wear gloves” ni vaa glavu. Hapo hakuna ugumu. Hatari iko kwenye katazo. Kiswahili hukataza ndani ya kitenzi chenyewe, kunywa kukawa usinywe. Kiingereza hutanguliza “Do not” au “Never”, na kitenzi hubaki vilevile. Mwenye Kiingereza cha kuokoteza huyaruka maneno hayo madogo, akadaka lile analolijua, na papo hapo katazo limegeuka agizo.

Chukueni “Do not induce vomiting”, yaani usimtapishe. Mtu amemeza dawa, nyumba nzima imechanganyikiwa, na msomaji wao ametambua neno la kutapika tu. Wakimtapisha, dawa iliyochanganywa na mafuta ya petroli yaweza kumwingia mapafuni, na ile inayounguza itamuunguza koo mara ya pili. Someni mwanzo wa sentensi kwanza. Tunarudia: mwanzo kwanza, ndipo kitenzi.

Wapo wanaosema rangi inatosha. Utepe mwekundu, wa njano, wa bluu au wa kijani huonyesha ukali wa sumu. Haukwambii ufanye nini ikikurukia machoni, na kijani si kibali cha kupuliza bila kujikinga. Wengine humtegemea muuzaji, lakini muuzaji hayupo nyumbani kwako usiku. Wapo pia wanaodai lebo iwe ya Kiswahili. Wana haki, waendelee kudai, ila chupa iliyomo stoo leo haitasubiri. Wala asiwepo wa kudhani kwamba amri hizo ni ushauri. Ufupi wake ni wa dharura.

Mafunzo ya kusoma lebo hizi ni bure kwa wakulima walioandikishwa. Masharti yapo ofisi ya kata. Lebo usiibandue, na dawa usiihamishie kwenye chupa ya soda. Mtu akidhurika, mwahisheni hospitali pamoja na chupa yenye lebo yake, maana daktari anahitaji kujua ni sumu gani.