SOMO LA SOKO: Mvinyo wa familia unapouzwa chini ya thamani yake

Katika biashara ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, bei ya chupa na ubora wa kilichomo ndani ni vitu viwili tofauti. Mfanyabiashara anayeelewa tofauti hiyo hupata faida. Asiyeielewa hununua jina.

Chanzo cha hali hii ni cha mwaka 1855. Mfalme Napoleon III alitaka mvinyo bora uoneshwe katika Maonesho ya Dunia mjini Paris, na kazi ya kuyapanga mashamba ikaangukia kwa madalali wa Bordeaux. Hawa walitumia kigezo walichokifahamu vyema, yaani bei ya sokoni. Mashamba yaliyokuwa yakiuza kwa bei ya juu yaliwekwa katika madaraja matano. Badiliko kubwa katika orodha hiyo lilikuja mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza. Leo mashamba ya mvinyo mwekundu yaliyomo ni 61.

Matokeo yake ni kwamba bei iliyozaa daraja sasa inazalishwa na daraja. Shamba lililoachwa nje, hata likiboresha kazi yake, halipati bei ya jirani aliyeorodheshwa. Hapo ndipo mnunuzi makini anapotafuta nafasi yake.

Mfano wa Sociando-Mallet

Mfano unaojulikana sana ni Château Sociando-Mallet, katika kijiji cha Saint-Seurin-de-Cadourne, kaskazini ya Saint-Estèphe. Mwaka 1969 mfanyabiashara wa mvinyo Jean Gautreau alilinunua likiwa limechakaa, na mizabibu yake ilikuwa ya hekta 5 hivi. Wakati huo eneo hilo halikuwa na mvuto kwa wenye fedha. Hata hivyo, Gautreau aliona udongo wa changarawe usiotuamisha maji, juu ya kilima kinachotazama maji ya Gironde. Wenyeji wa Médoc wana usemi kuwa mizabibu mizuri ni ile inayouona mto. Maji mapana hupunguza makali ya baridi, na usiku wa jalidi mashamba ya kando ya Gironde huwa na nafuu kuliko ya bara.

Gautreau aliongeza ardhi kidogo kidogo hadi shamba likavuka hekta 80. Mwaka 2003, orodha ya daraja la Cru Bourgeois ilipopangwa upya, hakuomba kuingizwa. Orodha hiyo ilifutwa na mahakama mwaka 2007, lakini mvinyo wake uliendelea kununuliwa. Alifariki mwaka 2019, na binti yake Sylvie akashika uongozi.

Kwa nini bei ni nafuu

Sababu ya kwanza ni gharama ya mtaji. Hekta moja ya mizabibu Pauillac huuzwa kwa zaidi ya euro milioni 1, wakati hekta ya Haut-Médoc ni sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Familia iliyonunua ardhi miaka mingi iliyopita haidaiwi riba na benki kwa ardhi hiyo. Kampuni iliyonunua juzi lazima irudishe mtaji wake, na atakayeurudisha ni mnywaji.

Sababu ya pili ni kwamba gharama za uzalishaji hazitofautiani kama bei zinavyotofautiana. Pipa la mwaloni la Bordeaux hubeba lita 225, sawa na chupa 300. Ikiwa pipa jipya litagharimu euro 900, kila chupa hubeba euro 3 tu za pipa, iwe ya shamba maarufu au la. Kinachozidi sana hapo ni jina.

Lakini umiliki wa familia una hatari yake. Sheria ya Ufaransa humlinda kila mtoto katika urithi: mwenye watoto watatu au zaidi hawezi kuwanyima robo tatu ya mali yake. Pasipo mpango wa hisa za pamoja, shamba hugawanywa au huuzwa ili kodi ya mirathi ilipwe. Kwa hiyo anayetaka kununua kwa muda mrefu aulize nani atarithi.

Hesabu ya muagizaji

Tuseme chupa, kizibo, usafiri na ushuru vinagharimu euro 4 kwa kila chupa. Chupa ya euro 6 itabakiwa na euro 2 za mvinyo wenyewe na faida. Chupa ya euro 12 itabakiwa na euro 8. Bei imeongezeka mara mbili, kilichobaki kimeongezeka mara nne. Katika nchi zinazotoza ushuru kwa lita au kwa kiasi cha kilevi, chupa rahisi kupita kiasi ni kodi na kioo zaidi kuliko mvinyo. Thamani nzuri hupatikana katika ngazi ya kati, na mashamba mengi ya familia yapo hapo.

Tahadhari kwa mwekezaji

Bordeaux huuza sehemu ya mvinyo wake ukiwa bado kwenye mapipa, katika majira ya kuchipua yanayofuata mavuno. Mnunuzi hulipa mapema na kupokea chupa baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Waliolipa bei kubwa kwa mavuno ya 2009 na 2010 waliona soko likifika kilele katikati ya mwaka 2011, kisha likashuka. Wengi walikuta chupa zilezile zikiuzwa dukani kwa bei ya chini kuliko waliyolipa.

Kwa mvinyo wa bei ya kati, hakuna haja ya kufunga fedha hivyo. Mnunuzi asubiri chupa zitoke, aonje, kisha aagize. Atazame pia kama kibandiko kina maneno "mis en bouteille au château", yaani umetiwa chupani shambani hapohapo, na mwaka wa mavuno. Mwaka 2013, kwa mfano, ulikuwa wa baridi na mvua Bordeaux. Mwenye mtaji mdogo anunue mvinyo wa kuuza na kunywewa. Wa kuwekwa ghalani aachiwe mwenye uwezo wa kungoja na kupoteza.