Dondoo Muhimu: Vifaa vya Ofisi ya Nyumbani
Aliyejaaliwa kufanya kazi nyumbani, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako joto huzidi na umeme waweza kukatika pasi na taarifa, na atangulize kiti kabla ya meza: kiti chenye egemeo la kuushika mgongo wa chini, kinachomruhusu kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, hali viwiko vyake vimelingana na kimo cha meza. Kompyuta mpakato iinuliwe hata ukingo wa juu wa kioo ukabili macho, na kibodi ya kuchomeka itumike, kwani shingo iinamayo mchana kutwa hudhurika. Feni si anasa. Dirisha liwe ubavuni, mwanga usiyaudhi macho. Na betri ya akiba iwe tayari, ili umeme ukatikapo apate fursa ya kuihifadhi kazi yake.