Kipaji ni amana: Je, Hasheem Thabeet alikitendea haki chake?

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma baada ya kipindi cha Maarifa ya Uislamu. Ni kijana mrefu kuwapita walimu wake wote. Akaniuliza: "Ustadhi, wenzangu wananiita Thabeet. Hiyo ni sifa au ni kejeli?"

Sikuwa na jibu la haraka. Siku mbili kabla, utani huo huo ulitajwa mbele yangu, nami nikacheka.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame suala hili kwa uadilifu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. Akaenda Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko urefu wake wa zaidi ya mita 2.20 ulikuwa ukuta, akachaguliwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Mwaka huo wa 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamteua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. James Harden aliteuliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba.

Wanaosema hakufikia matarajio wana hoja. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha, kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Akaendelea kucheza kwingine, zikiwemo Japani na Taiwan. Harden na Curry wote wawili wakawa wachezaji bora wa NBA. Ukipima kwa nafasi aliyoteuliwa, hakuifikia. Hatuna haja ya kulificha hilo.

Lakini wapo wanaosema kwamba kijana wa Kiafrika aliyechelewa kuanza hakuwa na njia nyingine. Hao nao wamtazame Hakeem Olajuwon, Muislamu aliyezaliwa Lagos mwaka 1963. Naye alianza mpira wa kikapu akiwa na umri kama huo, baada ya kucheza mpira wa mikono na kudaka mpira wa miguu. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston hakucheza mwaka wa kwanza. Majira ya kiangazi alikuwa akipambana mazoezini na Moses Malone, mkongwe aliyemzidi nguvu na ujuzi. Miguu myepesi aliyoipata golini akaigeuza kuwa silaha chini ya kikapu. Alitwaa ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995. Na Februari 1995, mwezi ulioangukiwa na Ramadhani, alifunga huku akicheza, na akatangazwa mchezaji bora wa mwezi.

Hapa ndipo penye somo. Katika Suratul-Baqara tunasimuliwa habari za Talut. Watu walimpinga kwa kuwa hakuwa na mali. Wakajibiwa kuwa Allah (s.w) ndiye aliyemteua, na akamzidishia elimu na mwili. Tazama mpangilio wake: elimu imetajwa kwanza, kisha mwili. Sisi tunapomwona kijana mrefu tunaanza na mwili, na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Tunamwambia "wewe ni wa kikapu", kisha hatumtafutii kocha, wala kiwanja, wala wa kumzidi mazoezini. Akishindwa, tunacheka.

Naam, yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, urefu hautafutwi, hutolewa na Mola. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa mja ataulizwa mwili wake aliutumiaje. Hataulizwa aliteuliwa wa ngapi.

Pili, matarajio ya watu si mizani ya haki. Memphis ndio waliopanga nafasi ile ya pili, hakujipangia yeye. Na mchezo wenyewe ukabadilika miaka iliyofuata. Mitupo ya mbali ikashika hatamu, na mchezaji mrefu asiye mwepesi akapungukiwa na kazi.

Tatu, juhudi ya mtu kwa ukamilifu wake anaijua Allah. Mimi na wewe tunaona pointi tu. Alfajiri ngapi Thabeet aliamka kufanya mazoezi, na ngapi alilala, hatukuwepo. Kwa hiyo tunaweza kusema hakufika walikomtarajia. Kusema kwamba aliuchezea mtaji wake ni kutoa ushahidi wa jambo tusilolishuhudia.

Nilimrudia yule kijana wiki iliyofuata. Nikamwambia kwamba wenzake huenda wanamkejeli, na kwamba mimi pia niliwahi kucheka, na nikamuomba radhi. Kisha nikamwambia: "Jina hilo ni la mtu aliyetoka hapa hapa mjini akafika ambako hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika. Wewe urefu umeshapewa. Umejifunza nini wiki hii?"

Akasema hajui hata kushika mpira vizuri. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote kiwanjani kumtafuta mwalimu.

Wallahu a'lam.